Mwethya wa Nyota

Nilipokuwa mgonjwa sikuwaonea wivu watu wenye afya. Hao ni wengi mno, ungeanzia wapi? Nilimwonea wivu mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amevaa gambuti zangu, viatu vyangu vya shambani.

Naandika haya nikiwa nimepona, au tuseme nikiwa naitwa mara moja moja tu kwenda kuangaliwa. Namwandikia mwanamke ambaye juzi daktari alimpapasa titi, kisha akanyamaza ghafla. Dada yangu, mambo ya saratani yenyewe utaelezwa na wenye kazi yao. Mimi nitakuambia jambo moja ambalo hawatakuambia, kwa sababu sijaona bado chumba cha hospitali kilichoandikwa mlangoni "Wivu".

Jina langu ni Mwikali. Naishi Kalama na mume wangu Mutinda, na watoto wetu wawili, Muthoki na mdogo wake, wako shule ya bweni. Kwetu ardhi imeinama. Mvua ikinyesha inataka kuondoka na udongo, kwa hiyo kila kiangazi tunachimba fanya juu: mtaro unaokingama mteremko, na udongo wake unarushwa upande wa juu uwe ukingo. Kazi hiyo haimfai mtu mmoja. Hufanywa na mwethya, yaani kikundi cha kina mama wa kijiji, leo kwangu, kesho kwako. Na mwethya wetu una sheria ambayo haina huruma, na wala haina ubaya: mgonjwa hasamehewi, mgonjwa huleta mtu wa kusimama mahali pake. Akikosa wa kumleta, anatafutiwa.

Mimi nilitafutiwa Kalekye. Huyu ni binti wa jirani yetu Mama Nzioka, mwenyekiti wa mwethya. Alisomea kompyuta, akafanya kazi Konza, mkataba ulipoisha akarudi kwao na laptop, nywele zimesukwa vizuri, na hajaolewa. Siku niliyotoka hospitali baada ya kukatwa titi la kushoto, nikiwa na mpira ubavuni unaotiririsha maji kwenye chupa, Mutinda alinikalisha kwenye veranda nipate hewa. Ng'ambo ya korongo mwethya ulikuwa unachimba. Nikamwona Kalekye ameshika jembe langu, ameingia ndani ya gambuti zangu, anarusha udongo huku wenzangu wanacheka. Mimi nilikuwa nimechimba nao miaka yote hiyo na hawakuwahi kucheka hivyo.

"Huyo msichana ako na nguvu," Mutinda akasema.

"Naona," nikamjibu.

Nilitamani kuongeza mengi, lakini ule mpira ulikuwa ukiniuma kila nikivuta pumzi.

Dawa ya kwanza ya kemo nilitiwa mvua ya Oktoba ilipoanza. Kama hujakaa kwenye chumba kile, ni hivi: unafika alfajiri, unaweka faili, unakaa kwenye benchi. Televisheni inaonyesha watu wanaosema bila sauti. Watu wanakutazama kichwani kujua uko dawa ya ngapi. Ukiitwa, unakalishwa kwenye kiti kirefu, nesi anatafuta mshipa, na kutoka hapo ni wewe na dripu mpaka mchana. Aliyekusindikiza anakaa kwenye kistuli kando yako, na baada ya kuulizana kama mbuzi wamekunywa maji, maneno yanaisha.

Kalekye ndiye aliyeziba kimya hicho. Alikuja nyumbani jioni moja akaniwekea programu kwenye simu. "Hii, Mama Muthoki, ni ya kuona nyota. Unaelekeza simu popote, inakuonyesha nyota gani ziko upande huo. Hata mchana. Hata chini."

Hata chini, kweli. Nikiwa kwenye dawa ya pili nilielekeza simu sakafuni, katikati ya ndala zangu, na kule chini ya simenti, upande wa pili wa dunia, kulikuwa na nyota tele na majina yake. Niliielekeza nyuma ya nesi nikakuta sayari imekaa begani kwake. Watu husema nyota njema huonekana asubuhi. Mimi zangu nilikuwa naziona saa sita mchana, nikiwa na sindano mkononi. Nilifurahi. Halafu nikakumbuka ni nani aliyeniletea furaha hiyo, nikazima simu.

Ubaya ni kwamba Mutinda naye alifurahi. Mume wangu ni mtu wa ndengu na maembe, hajawahi kupenda kitu chenye skrini zaidi ya taarifa ya habari. Sasa akawa hakai. Kalekye alimwekea kwenye laptop programu kubwa zaidi, ya kupeleka saa mbele au nyuma uone mbingu ya siku yoyote unayotaka. Jioni moja Mutinda aliandika saa mbili, akaambiwa Kilimia, lile kundi la nyota, iko upande wa machweo. Akatoka nje akasimama akitazama kilima cha upande huo mpaka shingo ikauma. Kilimia ilikuwa nyuma yake, inachomoza juu ya paa letu.

Nikiwa chumbani nilimsikia Kalekye akicheka mpaka akakohoa. "Baba Muthoki! Umeandika mbili? Kompyuta haijui saa ya Kiswahili. Hiyo umeiambia saa nane ya usiku!"

Na Mutinda naye akacheka. Kicheko chake kile, cha kupiga paja, mimi nilikuwa sijakisikia tangu siku daktari wangu naye aliponyamaza. Nikavuta blanketi juu ya kichwa changu kisicho na nywele. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, na hiki kimekula mpaka viatu.

Nikaanza kuwaoza wawili hao kichwani mwangu. Nilikuwa na wakati mwingi na usingizi mchache, kwa hiyo arusi ile niliipanga vizuri. Nilichagua kwaya. Nilimvika Mutinda lile koti lake la kahawia. Niliwapa mpaka mtoto mmoja, wa kike, akaitwa jina la mama mkwe wangu kama desturi inavyotaka. Kitu kimoja tu nilikataa katakata: Kalekye asipikie sufuria yangu kubwa.

Kucha zangu zilikuwa zimegeuka nyeusi. Chai ilikuwa na ladha ya bati. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mimi nilikuwa nimefika nusu ya kuijua.

Kabla ya dawa ya tatu, Kalekye alileta jambo jingine. Kuna tovuti, alisema, ambapo wataalamu wa nyota wameweka picha walizopiga kwa darubini kubwa. Picha ni nyingi hata hawawezi kuzimaliza, kwa hiyo wanaomba watu wa kawaida wasaidie. Kila picha ina galaksi, kundi kubwa la nyota lililo mbali hadi linaonekana kama doa la uji kwenye kitambaa. Wewe unajibu maswali: hii ni laini ya mviringo, au ina mikono? Mikono mingapi? Au ni mbili zinagongana? Picha moja inaonyeshwa kwa watu wengi, na jibu la wengi ndilo linalochukuliwa.

Mama Nzioka alikuwepo, amekuja kuniletea uji. Akasikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini. "Kumbe hata hao wako na mwethya," akasema.

Kalekye alinifungulia akaunti kwa jina langu, nami nikaanza kufanya. Nitasema ukweli: sikufanya kwa kupenda elimu. Nilifanya kwa sababu Kalekye alikuwa na akaunti yake, na nilitaka kumshinda.

Kwenye kiti cha jirani yangu alikuwa mama mmoja wa Kangundo, dawa zetu zilikuwa zinaangukia siku moja. Huyo pia nilimwonea wivu, maana mume wake alikuwa akimmenyea machungwa. Alimenya polepole, akatoa hata ule uzi mweupe, akampa kipande kimoja kimoja. Chungwa ndicho kitu pekee ambacho ulimi wangu ulikuwa bado unakitambua, na Mutinda wangu alikuwa ananiletea mkate. Yule mama alinikamata nikitazama. Alinyoosha mkono ule usio na sindano akaniwekea kipande kiganjani. Tangu hapo tulifanya galaksi pamoja mpaka dripu zikaisha, yeye akizipa majina. "Hiyo ni chapati. Hiyo ni mandazi. Hiyo, ngoja, hiyo ni chapati imeraruliwa na watoto." Mimi nilibonyeza jibu, yeye alinipa chungwa.

Dawa ya nne nilimkuta hayupo kwenye kiti chake. Palikuwa na mzee wa kiume amelala mdomo wazi. Nilimuuliza nesi kama yule mama amebadilishiwa siku.

"Alitutoka Jumapili, mama," akasema kwa sauti ya chini, huku akinifunga mkono kutafuta mshipa.

Sasa sikiliza hapa vizuri, kwa sababu hapa ndipo ugonjwa ulipokaribia kunichukua, na hakuna mashine iliyoonyesha. Nilirudi nyumbani nikalala. Homa ilinishika, damu ikashuka, dawa ya tano ikaahirishwa. Lakini si hayo ninayosema. Ninasema kwamba wivu uliniisha. Kalekye aliingia nyumbani kwangu akapika kwa sufuria yangu kubwa, na sikuhisi kitu. Nilimsikia akicheka na Mutinda nikageukia ukutani. Nikasema moyoni, sawa, atamtunza, atawalea watoto, ni msichana mzuri. Padri alipokuja kuniombea alimwambia Mutinda kwamba nina amani. Watu wakafurahia amani yangu. Nakuambia, dada, sijawahi kuwa karibu na kaburi kama siku zile za amani.

Krismasi ilipita hivyo. Watoto walikuja likizo, wakakaa kitandani kwangu, wakarudi shule. Ndengu zilikuwa zinavunwa.

Alasiri moja, kwa kukosa la kufanya, nilichukua simu nikafungua ile tovuti. Ikanisalimia kwa jina langu. Ikanishukuru kwa kazi niliyofanya wiki hiyo. Nikatazama tena. Wiki hiyo sikuwa nimeinua hata kijiko. Kina Mwikali wengine wako duniani, nikawaza, labda wamenichanganya nao. Nikabonyeza kuona picha zenyewe: ilikuwa akaunti yangu, na galaksi ambazo sijapata kuziona, zimejibiwa vizuri, moja baada ya nyingine.

Kuna ganzi inayoshika mguu, halafu damu ikirudi unataka kupiga kelele. Wivu ulinirudia hivyo. Nilisimama bila kushikwa, nikatoka nje. Mutinda na Kalekye walikuwa nyuma ya jiko wakipepeta ndengu.

"Nani amekuwa akiingia hapa kwa jina langu?"

Wakatazamana. Kule kutazamana ndiko kulikonichoma zaidi.

"Ni mimi," Kalekye akasema. "Na Baba Muthoki kidogo. Tulikuwa tunakushikilia tu mpaka upate nguvu. Kama kwa mwethya."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna mtu alitumwa," Mutinda akadakia. "Shamba ya mgonjwa haiachwi iote magugu. Wewe mwenyewe ndio husema hivyo."

"Hiyo ni shamba! Hii ni yangu!" Sauti yangu ilikuwa nyembamba lakini ilifika. "Umechukua jembe nikanyamaza. Umechukua gambuti nikanyamaza. Sufuria umechukua. Sasa hata nyota, Kalekye? Nikifa si utasimama mahali pangu na kwa kitanda?"

Ungo ukatulia mikononi mwake. Nilidhani Kalekye atalia, na kwa kweli nilikuwa namngojea alie.

Akauweka ungo chini. "Mama Muthoki, kwani unafikiria mimi naweza kaa na huyu?" Akamwonyesha Mutinda kwa mdomo. "Huyu? Ananiuliza kitu moja mara kumi. Ati hiyo nyota iko mbali kama wapi, kama Mombasa? Namwambia. Kesho anauliza tena. Na akikunywa chai tunamsikia mpaka kwetu. Aki mimi ningekuwa nimetoroka kitambo."

"Chai yangu imefanya nini?" Mutinda akauliza, na alikuwa ameumia kabisa.

Kicheko kilinitoka kabla sijakizuia. Kovu lilinivuta, nikashika ubavu, nikacheka nalo hivyo hivyo. Kalekye naye akaanza. Mutinda alibaki amesimama katikati ya wanawake wawili wanaomcheka, amekunja uso, ganda la ndengu kwenye ndevu.

Kalekye alipoondoka nilimuuliza Mutinda kilichokuwa kinanila. "Na wewe hizo nyota zilikuingia kwa nini hivyo?"

Alilitoa lile ganda la ndengu kwenye ndevu. "Nilikuwa natafuta kitu ya kukuambia," akasema. "Unakaa kwa hiyo kiti masaa yote hiyo unaniangalia. Ningekuambia nini? Ati ile mbuzi kubwa imekufa?"

"Mbuzi kubwa imekufa?"

"Ilikufa Novemba."

Siku hiyo nilikula sahani nzima ya muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa. Wiki iliyofuata nesi alitazama karatasi ya damu, akanitazama mimi. "Imepanda. Umekuwa ukila nini, mama?" Nilimwambia muthokoi. Hayo mengine hangeweza kuyaandika kwenye faili.

Usidhani wivu uliishia hapo, eti tukakumbatiana. Nilibadilisha neno la siri la akaunti. Dawa ya tano na ya sita nilizimaliza kabla ya mvua ndefu, kisha nikapelekwa Nairobi kwa mionzi, nikakaa Syokimau kwa binamu yangu, wiki baada ya wiki, ngozi ya kifua ikiiva na kubabuka. Kila asubuhi kwenye foleni ya mashine nilifanya picha zangu, mtu asipate sababu ya kunishikilia. Mkono wa kushoto ulikuwa umeanza kuvimba. Siku moja nilipata galaksi yenye mikono miwili, mmoja mwembamba, mwingine mnene umelegea. Tovuti haikuwa na mahali pa kuandika pole, nikajibu tu kwamba ni miwili. Jioni nilimpigia Mutinda simu nimuulize amekula nini na amepikiwa na nani. "Nimejipikia," akasema. Nilimfanya aniambie alivyopika, hatua kwa hatua, mpaka nikaridhika.

Kwa hiyo dada yangu, ukijikuta umelala hapo na unamwonea mtu wivu, awe anayekusindikiza, awe anayepika jikoni kwako, awe jirani mwenye mume anayemenya machungwa, usikimbilie kutubu. Watakuambia uwe na moyo safi. Moyo safi utakuja, una haki yake. Lakini wivu ni njaa, na mtu anayeona njaa bado anataka kukaa mezani. Ogopa ile siku unawagawia watu vyako vyote na huumii.

Kalekye aliolewa baadaye, na kijana waliyefanya naye kazi Konza, na nilipikia arusi ile kwa sufuria yangu kubwa. Wakajenga ng'ambo ya korongo, yeye akaingia mwethya kwa jina lake mwenyewe. Kiangazi hiki kilichopita alikuwa mjamzito, miezi imetimia. Uchungu ulimshika vibaya, akapelekwa hospitali, akapasuliwa. Mtoto alitoka akilia. Kalekye mwenyewe alipoteza damu nyingi. Mama Nzioka aliniambia kwenye simu, "Hajaongea tangu jana, Mwikali," halafu simu yake ikawa haipatikani.

Asubuhi ile mwethya ulikuwa unachimba juu ya kanisa. Nilizitoa gambuti zangu chini ya kitanda. Kisigino cha kulia kilikuwa kimelika upande mmoja, si mimi niliyekila hivyo, mimi sitembei hivyo. Nikazivaa nikapanda.

Kina mama waliacha majembe. "Na mkono?" mmoja akauliza.

"Daktari alisema nisibebe mzigo. Hakusema nisirushe udongo."

"Mwikali, rudi nyumbani, zamu yako si leo."

"Najua si yangu. Leo mimi ni Kalekye."

Wakanipa sehemu yenye udongo laini, mwishoni, nikajifanya sijaona. Nilichimba polepole, nikirusha juu kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiongoza tu. Kila nikisimama kupumzika nilitazama simu. Hakuna kitu. Jua likapanda, mtaro ukasogea, jasho likaniingia kwenye kovu likaniwasha, na mimi, ambaye niliwahi kumwoza msichana huyu kwa mume wangu na kumnyima sufuria, nilikuwa nikisema na kila jembe, asife, asife.

Ujumbe uliingia tukiwa tunakunywa uji. Ulitoka kwenye namba yake.

"Mama ameambiwa na watu wa mwethya ati umechimba mtaro yangu, na iko straight kuliko zangu zote. Aki Mama Muthoki, nimeskia wivu mpaka nyuzi zimeuma."

Nilikaa juu ya ukingo, miguu ndani ya mtaro. Kidole kilikuwa na udongo, ikabidi nikipanguse kwenye leso kwanza.

"Vizuri," nikamwandikia. "Basi uko mzima."